Kutoka akamwani hadi mwani: tutauza ghafi mpaka lini?

Leo tuzungumze kuhusu mwani.

Najua kuna watakaocheka. Mtu anayeandika kutoka Nyakahanga, Karagwe, katikati ya migomba na mibuni, zaidi ya kilometa elfu moja kutoka Bahari ya Hindi, ana uhusiano gani na mwani? Huku ukitaja neno hilo mbele ya mzee, huenda akadhani umekosea kutamka akamwani. Akamwani ni zile buni zinazochemshwa na majani yenye harufu nzuri, zikakaushwa, kisha mgeni akapewa atafune kabla maongezi hayajakolea. Majina yamekaribiana kwa bahati tu. Lakini yaliyoikuta akamwani ndiyo yanayounyemelea mwani, na kwa sababu hiyo mtu wa Nyakahanga ana haki kabisa ya kuusemea.

Hoja yangu ni fupi, naisema mapema ili usihangaike kuitafuta. Dunia imegundua kwamba mwani unaweza kutengenezwa vifungashio vya kuchukua nafasi ya plastiki. Sisi mwani tunao. Tusipoangalia tutauuza ukiwa ghafi kama tulivyouza kahawa, halafu vifungashio tutavinunua kwa wenzetu. Na dawa yake si kukaa tunangoja mwekezaji aje kutujengea kiwanda cha kuuza Ulaya. Dawa ni kuanza na kitu kidogo ambacho sisi wenyewe tunakinunua kila mwaka. Kitu hicho kimejaa tele hapa Karagwe. Nitakifikia.

Habari yenyewe

Mwaka 2019, katika mbio za London Marathon, wakimbiaji waligawiwa kinywaji kilichotiwa ndani ya vifuko vya mwani zaidi ya 30,000. Unakitia kifuko mdomoni, unakipasua kwa meno, unakunywa. Kifuko chenyewe ukitaka unakimeza. Usipotaka unakitupa, na baada ya wiki kadhaa kinakuwa kimeoza kama ganda la tunda. Waliokitengeneza ni kampuni iitwayo Notpla, iliyoanzishwa London na vijana wawili, Pierre Paslier na Rodrigo García González, waliokutana masomoni. Mwaka 2022 wakashinda tuzo ya Earthshot, ile ya Mwanamfalme William, wakaondoka na pauni milioni 1. Leo wanatengeneza hata maboksi ya chakula ambayo ndani yamepakwa utando wa mwani badala ya plastiki.

Usidhani ni Wazungu peke yao. Jakarta, Indonesia, kuna kampuni ya Evoware inayotengeneza vikombe vinavyolika na vifungashio vya vyakula kutokana na mwani wa wakulima wa hukohuko. Indonesia ni mkulima mkubwa wa mwani duniani, inatanguliwa na China tu. Kwa hiyo wao wameshashtuka.

Siri iko wapi? Iko kwenye ute. Mwani ukiuchemsha unatoa ute mzito ambao ukipoa unaganda kama uji wa jana. Ukiuchuja, ukautandaza mwembamba juu ya kitu laini na kuuacha ukauke, unabaki na utando kama wa nailoni. Ute wa mwani wa kahawia unaitwa alginati, na huo ndio uliotumika kwenye vile vifuko vya London. Ute wa mwani mwekundu unaitwa karajinani. Mwani unaolimwa kwetu ni huu mwekundu, na karajinani nayo inatoa utando.

Karajinani unaifahamu hata kama hujawahi kuisikia. Imo kwenye dawa za meno, aiskrimu, soseji, maziwa yaliyosindikwa, hata kwenye chakula cha kopo cha paka na mbwa wa Ulaya. Huko ndiko mwani wa Zanzibar umekuwa ukienda miaka yote hii: ukatoe ute unaofanya aiskrimu ya mtu isiyeyuke haraka.

Mama wa Paje na gunia lake

Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, katika vijiji vya Paje na Jambiani, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino. Kabla ya hapo Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikuwa ameshafanya utafiti na kupiga debe kwa miaka mingi kwamba utajiri huu upo. Leo wakulima Zanzibar ni zaidi ya 20,000, wengi mno wakiwa wanawake, na mwani ni miongoni mwa vitu vikuu vinavyoviingizia visiwa fedha za kigeni, pamoja na utalii na karafuu. Bara nako unalimwa: Tanga, Bagamoyo, Lindi na Mtwara.

Kazi yenyewe si ya mchezo. Mama anasubiri bamvua, maji yakitoka anaingia baharini, anachomeka vijiti mchangani, anafunga kamba kati ya kijiti na kijiti, kisha anafunga vipande vya mwani kimoja kimoja. Anarudi kupalilia na kukaza kamba. Baada ya wiki kama sita anavuna, anabeba mzigo uliolowa maji ya chumvi, anaanika. Mwani ukikauka unapungua vibaya sana: kilo saba hadi kumi za mbichi zinakupa kama kilo moja ya mkavu. Na hiyo kilo moja, kwa miaka mingi, imekuwa ikinunuliwa kwa shilingi mia kadhaa tu.

Mia kadhaa! Kilo moja ya jasho la wiki sita haikufika hata bei ya soda.

Tusiwe wachoyo wa shukrani. Fedha hiyo ndogo ilileta mabadiliko makubwa kwenye nyumba nyingi. Kwa mara ya kwanza mama wa kijijini alishika hela yake mwenyewe, akanunua sare za shule, akaezeka bati. Tatizo ni kwamba baada ya zaidi ya miaka 30, bado sehemu kubwa ya mwani inapanda meli ikiwa imekaushwa tu na kushindiliwa. Uchemshaji, uchujaji, usagaji na upimaji, yaani pale panapozaliwa pesa, kwa sehemu kubwa vinafanyika kwingine.

Na sasa bahari yenyewe imeanza kugoma. Wakulima wanalima aina mbili, spinosamu na kotonii. Kotonii ndiyo yenye bei nzuri zaidi, lakini haivumilii joto. Maji ya kina kifupi yamezidi kupata moto, kotonii inaugua, inageuka nyeupe, inakatika. Maeneo mengi ya Unguja imetoweka kabisa. Watafiti wanasema ihamishiwe maji ya kina kirefu, ambako kuna ubaridi. Sawa, lakini huko kunataka boti na kujua kuogelea, na kina mama wengi wa pwani yetu hawakufundishwa kuogelea. Kwa hiyo mama anabaki na spinosamu, ya bei ya chini. Usipomwongezea thamani ya kile kilichobaki, kesho atakunja kamba zake na kukaa nyumbani.

Tuliyoyaona kwenye kahawa

Hapa ndipo Nyakahanga inapoingia.

Huku kuna kitu kinaitwa butura. Kama hujawahi kukisikia, ngoja nikueleze. Mkulima ana shida: ada ya mtoto, mgonjwa yuko hospitali, au msiba umeingia nyumbani. Kahawa yake bado iko kwenye maua. Anakuja mwenye fedha, anaitazama mibuni, anampa kiasi kidogo cha pesa, na mavuno yote ya miti ile yanakuwa mali yake. Msimu ukifika, mkulima anasimama pembeni akiangalia gunia alilolilea mwenyewe likipakiwa na mtu mwingine. Viongozi wameikemea butura awamu baada ya awamu. Inajificha, halafu inarudi, kwa sababu shida hazisubiri msimu.

Sasa geuka utazame pwani. Kwa miaka mingi wanunuzi wa mwani wamekuwa wakiwapa wakulima kamba na vifaa, kwa makubaliano kwamba mazao watawauzia wao na si mtu mwingine. Haina jina la butura, lakini ukiichunguza ni ndugu yake wa baba mmoja. Ukishapokea kamba ya mtu, bei haiko mikononi mwako tena.

Huku tuna jambo lingine pia la kuwaambia wenzetu wa pwani. Bukoba kuna kiwanda cha kahawa ya unga cha TANICA, na chama chetu cha ushirika, KDCU, ni miongoni mwa wenye hisa. Yaani Kagera haikukosa kiwanda. Tumekuwa nacho tangu zama za Mwalimu. Hata hivyo kahawa nyingi ya Karagwe na Kyerwa bado inaondoka ikiwa buni, na nyingine inavuka mto usiku kwenda Uganda kufuata bei. Kwa nini? Moja ya sababu ni kwamba sisi wenyewe si wanywaji. Nenda kwenye nyumba kumi za mkoa unaolima kahawa, nyingi utakaribishwa chai. Kiwanda kisicho na mnunuzi wa nyumbani kinaishi kwa kutegemea huruma ya soko la mbali.

Somo lenyewe ni hilo, na ndilo ningependa wanaopanga mambo ya mwani walichukue. Kujenga kiwanda ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni mnunuzi wa karibu, anayenunua kila mwaka, ambaye hawezi kukuhama kwa sababu bei imepanda senti mbili Ufilipino.

Kiriba

Je, mnunuzi huyo yupo? Yupo. Pita kwenye kitalu chochote cha miche ya kahawa hapa Karagwe. Utakuta safu kwa safu za viriba, vile vifuko vyeusi vya plastiki vinavyojazwa udongo na kupandwa mche. Kahawa ya huku iliwahi kuumizwa sana na mnyauko fuzari, ndiyo maana wataalamu wa TaCRI wakatoa aina mpya zinazouvumilia, na miche ya vikonyo inazalishwa na kugawiwa kwa wingi. Ukijumlisha nchi nzima, miche ya kahawa inakwenda kwenye mamilioni kwa mwaka. Ongeza parachichi. Ongeza korosho. Ongeza ile miti tunayoipanda kila msimu wa mvua viongozi wakipigwa picha. Karibu kila mche una kiriba chake, na kila kiriba ni plastiki.

Kinakwenda wapi baada ya hapo? Mkulima makini anakichana, anakikusanya, anakichoma, na moshi wake anauvuta yeye na watoto wake. Asiye makini anakiacha shambani. Asiyejua kabisa anapanda mche na kiriba chake, mizizi inajikunja humo ndani kama mtu aliyefungwa mikono, na baada ya miaka miwili anashangaa mbuni haukui. Shambani huku jembe likigonga kitu cheusi kinachong'aa, si mawe, ni kiriba cha marehemu babu.

Nyote mnakumbuka tarehe 1 Juni 2019, siku mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Tanzania Bara. Zanzibar walikuwa wametutangulia tangu 2006, Rwanda 2008, Kenya 2017. Ilikuwa hatua nzuri, na miji yetu imekuwa safi zaidi. Lakini kanuni za 2019 ziliiacha nje plastiki ya kufungashia bidhaa za viwandani, ya ujenzi, na ya kilimo. Kwa hiyo kiriba kilipita salama mlangoni. Hata mifuko mbadala tuliyokabidhiwa sokoni, ile inayofanana na kitambaa, mingi ni plastiki tu iliyotengenezwa kwa mtindo mwingine. Na sisi tulio jirani na mpaka wa Murongo tunajua kwamba kavera la Uganda halijawahi kuomba pasipoti.

Sasa fikiri kidogo. Kiriba kinanunuliwa na nani? Kwa sehemu kubwa kinanunuliwa na halmashauri, vyama vya ushirika, miradi, bodi za mazao na wakala wa misitu. Kwa maneno mengine, kinanunuliwa kwa fedha ya umma au ya ushirika, kila mwaka, kwa idadi inayojulikana kabla msimu haujaanza. Ni ndoto ya kila mwenye kiwanda! Hakihitaji kung'aa, hakihitaji kuandikwa maneno mazuri, wala hakimhitaji mtalii akionee huruma. Kinatakiwa kishike udongo miezi kadhaa, kivumilie kumwagiliwa, kisha kikizikwa pamoja na mche kioze na kuwa mbolea.

Ndiyo maana nasema soko la kwanza la vifungashio vya mwani wa Tanzania lisiwe London. Liwe kitaluni Karagwe.

"Lakini mwandishi..."

Najua maswali yanayokuja. Nimeshaulizwa kijiweni, na ni maswali ya haki.

La kwanza: mwani si utayeyuka? Kitalu kinamwagiliwa karibu kila siku. Ni kweli kabisa. Utando wa mwani mtupu ukikaa na maji unalainika, na hiyo ndiyo sifa iliyoufanya upendwe London, maana kule walitaka kitu cha dakika kumi. Sisi tunataka cha nusu mwaka na zaidi. Kwa hiyo mwani peke yake hautoshi. Utahitaji mifupa ndani yake. Na mifupa hiyo iko wapi? Angalia nje ya dirisha lako kama uko Nyakahanga. Migomba!

Mgomba ukishakatwa ndizi, shina lake limejaa nyuzi ngumu. Uganda kuna kampuni, TexFad, inayozitoa nyuzi hizo na kufuma mazulia. Bibi zetu hawakusubiri kampuni: magome makavu ya mgomba yalifunga chumvi, yalifunga maharage, na akamwani yenyewe mpaka leo utaikuta imefungwa humo kwa mafundo madogo ya kupendeza. Nyuzi za mgomba ziwe mifupa, ute wa mwani uwe gundi, nta ya nyuki ipakwe nje kupunguza maji. Itafanya kazi? Hilo linajibiwa kwenye maabara na kitaluni, halijibiwi kwa kubishana. Lakini halidai roketi. Linadai sufuria, mashine ya kukamua nyuzi, kitalu cha majaribio, na mtu wa kuandika matokeo kila wiki.

Hapa niweke tahadhari, maana shauku bila tahadhari ndiyo inayotuponza. Tangu mwaka 2006 migomba ya Kagera inasumbuliwa na mnyauko wa bakteria, na vidonda vyake havijapona. Huwezi kubeba mashina mabichi kutoka kijiji hadi kijiji kama unabeba kuni, utausambaza ugonjwa. Nyuzi zitolewe palepale shambani, kwenye migomba mizima, zikaushwe vizuri, na wataalamu wa TARI Maruku washirikishwe tangu siku ya kwanza. Wasiitwe kuzima moto.

Swali la pili: tunao ujuzi? Nitakujibu kwa majirani zetu. Kenya, kijana wa Chuo Kikuu cha Egerton, Joseph Nguthiru, aliona gugumaji lilivyofunika Ziwa Naivasha, akaanzisha HyaPak, kampuni inayotengeneza vifungashio vinavyooza kutokana na gugu hilohilo. Na moja ya bidhaa zake ni nini? Vifuko vya miche! Kwa hiyo wazo la kiriba kinachooza si ndoto yangu ya usiku. Limeshasimama kwa miguu yake nchi jirani, na malighafi yake ni gugu ambalo Mto Kagera umekuwa ukilishusha Ziwa Victoria bure kwa miongo kadhaa.

Kwetu nako wapo. Dk. Flower Msuya, mtafiti wa mwani aliyefanya kazi Taasisi ya Sayansi za Bahari kule Zanzibar, amekuwa nguzo ya ule mpango wa kuwaunganisha wakulima wa mwani ulioanza 2006. Kina mama wakajifunza kuusaga mwani, kutengeneza sabuni na vyakula. Mwani uleule wa mia kadhaa kwa kilo, ukishakuwa unga au sabuni, unauzwa kwa bei ya mara kadhaa. Waliofanya hivyo si wenye shahada za kemia. Ni kina mama wa vijijini waliopata mtu wa kuwaelekeza na kinu cha kusagia. Na tukumbuke tena Ufilipino, ambako mbegu yetu ilitoka. Wao miaka ya 1970 walibuni njia rahisi ya kusindika: mwani unapikwa kwenye maji yenye alkali ya potasiamu, unaoshwa, unakaushwa, unasagwa. Kwa njia hiyo wakaacha kuwa wauzaji wa mwani mkavu tu, wakawa wenye viwanda.

Swali la tatu: bei. Kiriba cha plastiki ni rahisi mno, cha mwani kitakuwa ghali. Mwanzoni ndiyo, kitakuwa ghali. Lakini kiriba cha plastiki kinaonekana rahisi kwa sababu gharama nyingine tumemtwisha mtu asiyeandika risiti, yaani udongo wa mkulima na kifua cha mwanawe. Tulipoondoa mifuko 2019 hatukuuliza kama kikapu ni ghali kuliko rambo. Tuliamua, soko likafuata. Serikali ikisema kwamba ndani ya miaka mitano sehemu fulani ya viriba vinavyonunuliwa kwa fedha ya umma lazima viwe vinavyooza, hata asilimia 10 tu kwa kuanzia, utaona watu watakavyochangamka.

Nani afanye nini?

Nisije nikaishia kulalamika, ugonjwa wetu waandishi. Nataja majina.

Wizara zinazohusika na mazingira na kilimo zikae meza moja na kulitazama upya lile tundu la kanuni za 2019 linaloitwa kilimo. Zisifunge mlango ghafla, wenye vitalu watakufa. Watoe muda na wautangaze.

Taasisi ya Sayansi za Bahari, SUZA, TIRDO na TaCRI wafanye jaribio moja la pamoja. Mwani utoke Paje, nyuzi zitoke Karagwe, miche ikae kitaluni msimu mmoja. Gharama ya jaribio hilo haiwezi kuzidi posho za semina mbili za "uchumi wa buluu".

Halmashauri zetu za Karagwe na Kyerwa zina mikopo ya asilimia 10 kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Bodaboda zimetosha. Kikundi kimoja cha kukamua nyuzi na kukunja viriba kipewe nafasi, na halmashauri hiyohiyo iwe mteja wake wa kwanza. KDCU nao wajifunze kutokana na historia yao wenyewe: wao wanajua maana ya kuwa na kiwanda bila mnywaji.

Na kina mama wa mwani waingie kwenye mpango huu wakiwa wenye hisa. Mkataba wao ulindwe usije ukageuka butura ya baharini, mtu akapewa kamba ya mkopo na kunyang'anywa bei. Halafu kuna hili ambalo hulazimika kucheka ili usilie: mwani unaosifiwa kwamba utaikomboa dunia kutoka kwenye plastiki, mpaka leo kwa kawaida unafungwa kwenye kamba kwa vijikamba vya plastiki, ambavyo vikikatika vinakwenda na maji. Nyuzi za mgomba zingeweza kujaribiwa huko pia.

Na wewe msomaji wangu wa Dar, Arusha, Mwanza, uliyesoma, mwenye simu na maneno mengi, usidhani umesamehewa. Tatizo letu wasomi ni kasumba ya kusubiri kitu kipewe tuzo London ndipo tukiite teknolojia. Kikifanywa na bibi wa Nyakahanga kwa gome la mgomba tunakiita ushamba. Kikifanywa na mama wa Jambiani kwa sufuria tunakiita mradi wa kina mama. Kikirudi kutoka Ulaya kikiwa na nembo tunapanga foleni. Wapo kati yenu wanakemia, wahandisi, wahasibu, wanasheria wa mikataba. Kazi ipo, na haihitaji viza.

Wazee wa Karagwe walikuwa wanatafuna akamwani na kumpa mgeni kabla hawajajua kwamba kuna watu ng'ambo watakaoipangia bei. Siku ile bei ilipoanza kupangwa na wengine, akamwani ikawa zao la biashara, na mkulima akawa mtu wa kuulizia, "mwaka huu wanatoa ngapi?" Mwani bado haujafika huko kwenye hili soko jipya la vifungashio. Kanuni zake hazijaandikwa zote, viwanda vyake havijajengwa vyote. Nafasi ya kuwa mwenye kupanga bado ipo, lakini haitakaa wazi milele.

Msimu ujao wa miche, kwenye halmashauri yako, uliza swali moja tu: viriba hivi vimenunuliwa wapi, na vitakwenda wapi?